Daktari Kirk, Balozi Aliyeokota Majani

Mkaazi wa Mwambao asiyeujua mchunga ni nadra kumpata. Ni mboga ya tajiri na ya maskini. Huota wenyewe mashambani, baina ya muhogo na mahindi, na mkulima anayeulaani asubuhi kwa kumjazia kuo lake ndiye yule yule anayeula usiku kwa tui la nazi na kipande cha papa. Uchungu wake hupunguzwa kwa kuchemshwa na kumwaga maji ya kwanza, ingawa wako wazee wanaokataa kuyamwaga kwa kuamini kwamba humo ndimo ilimo dawa ya homa na ya tumbo. Ukiachwa bila kuchumwa hurefuka, ukatoa maua madogo ya manjano, kisha manyoya meupe yanayochukuliwa na upepo mpaka shamba la jirani.

Nimeanza na mboga hii kwa sababu ndiyo iliyonifikisha kwa mtu ninayetaka kumweleza leo. Nilikuwa Lokori, kusini mwa nchi ya Waturkana, mahali ambapo mto Kerio hupita ukielekea ziwani. Ni nchi ya mchanga, mawe na migunga, na mgeni wa kutoka Pwani akifika mchana hudhani hakuna kinachoota ila miiba. Lakini kandokando ya mto huo Waturkana hulima mtama tangu zamani, mafuriko yanapopungua, na upande wa Morulem yako mashamba yanayomwagiliwa maji kwa mifereji. Katikati ya mtama huo niliona ua la manjano. Mwenzangu mmoja, mtu wa Malindi, akashika kuwa ni mchunga. Mwingine akashika kuwa ni kishona nguo. Akina mama waliokuwa wakipalilia walitutazama tukibishana juu ya magugu yao, wakaendelea na kazi.

Maua ya jamii ya alizeti yana hila. Kile tukionacho kuwa ni ua moja ni mkusanyiko wa vijiua vingi vidogo vilivyokaa juu ya kichwa kimoja. Katika alizeti, na katika kishona nguo pia, vijiua vya katikati ni kama vibomba, na vya ukingoni tu ndivyo vinavyotoa ulimi. Katika mchunga vyote vina ulimi, vya ukingoni na vya katikati, na ncha ya kila ulimi ina vijimeno vitano. Halafu livunje shina: likitoa utomvu mweupe kama maziwa, kishona nguo kimekwisha kutoka katika hesabu. Kisha tazama mbegu. Ya kishona nguo ina miiba inayonasa katika kanzu. Ya mchunga ina kishungi cha nywele laini. Hapo linalobaki ni kuutenga mchunga na jamaa yake anayeitwa kwa Kilatini Sonchus, ambaye naye ana utomvu na maua ya manjano na huota mashambani. Mbegu ya Sonchus ni bapa, ya mchunga si bapa. Ua la Lokori lilikuwa na alama zote za mchunga, na mtu wa Malindi akashinda.

Ila ubishi wa mashambani haukatwi kwa ushindi wa mtu mmoja, unakatwa kwa kitabu, nami niliporudi mjini nilikwenda kukitafuta. Mchunga katika vitabu huitwa Launaea cornuta, na neno hilo la pili maana yake ni mwenye pembe. Jina halikuja siku moja. Mjerumani aitwaye Hochstetter, aliyefariki mwaka 1860, ndiye aliyetangulia kuliandika neno cornutus juu ya mmea huu. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Daniel Oliver, aliyekuwa mtunzaji wa mimea mikavu katika bustani ya Kew karibu na London, na W. P. Hiern, wakautangaza rasmi kwa jina la Sonchus cornutus katika juzuu ya tatu ya kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya joto. Mwaka 1966 mtaalamu mwingine wa Kew, Charles Jeffrey, akauondoa katika ukoo wa Sonchus na kuutia katika Launaea, na huko ndiko uliko mpaka leo.

Sasa, katika juzuu hiyo hiyo ya mwaka 1877 mna ua jingine la manjano, jamaa wa karibu wa kishona nguo, ambalo Oliver na Hiern waliliita Coreopsis kirkii. Siku hizi limehamishiwa ukoo wa Bidens, lakini neno kirkii limebaki nalo. Ukilifuata neno hilo unatoka moja kwa moja Unguja, katika nyumba ya Balozi wa Uingereza, zama za Seyyid Barghash bin Said. Sisi wa Mwambao tumezoea kulisikia jina la Kirk pamoja na kufungwa kwa soko la watumwa. Walio wachache ndio wanaojua kwamba Balozi yule, kabla ya kuwa balozi na hata alipokuwa balozi, alikuwa mtu wa majani.

John Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba, 1832, katika kijiji cha Barry huko Scotland, babake akiwa padri wa Kiprotestanti. Alisoma utabibu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu mwaka 1854. Zama hizo tabibu hakuweza kuijua dawa bila kuujua mmea, kwa hiyo elimu ya mimea ilikuwa sehemu ya masomo ya uganga, na Kirk aliishika kuliko wenzake. Vita vya Krimea vilipokuwa vikiendelea alipelekwa hospitali ya Waingereza ya Renkioi, katika nchi ya Waturuki karibu na Dardaneli. Huko, kazi ya wagonjwa ilipopungua, alipanda milima akikusanya maua.

Mwaka 1858 David Livingstone alipopewa fedha na serikali ya Uingereza ili aende kuupeleleza mto Zambezi, Kirk alichukuliwa kuwa tabibu wa msafara na mtaalamu wa mimea yenye faida. Neno hilo, faida, linafaa kuangaliwa. Waingereza hawakumtuma ili apendezwe na maua. Walitaka kujua pamba inaota wapi, mti gani unatoa mafuta, upi unatoa rangi, upi unatoa kamba. Kirk aliyatafuta hayo yote, lakini pia aliokota kila kijani kilichompitia mbele, chenye faida na kisicho nayo, akakibana katika karatasi mpaka kikauke na kukiandikia mahali na siku.

Safari ile ilikuwa na taabu nyingi. Homa iliwaua watu, merikebu yao ilikwama michangani, na Livingstone, ambaye kwa mbali alionekana kama walii, kwa karibu alikuwa mtu wa kugombana na kila mtu. Alimfukuza mchoraji wake na wengine. Kirk alidumu naye kuliko wengi, akafika naye ziwa Nyasa mwezi Septemba 1859 na mwaka uliofuata maporomoko ya Victoria. Lakini katika shajara yake aliyaandika mashaka yake juu ya akili ya kiongozi huyo bila ya kuficha. Mwishoni mwa mwaka 1860, wakishuka Zambezi katika maji makali ya Kebrabasa, mtumbwi wa Kirk ulipinduka. Yeye mwenyewe aliokoka kwa kung'ang'ania jiwe. Vitabu vinane vya maandishi yake na michoro ya mimea ipatayo mia moja vilikwenda na maji. Aliyewahi kukusanya kitu kwa miaka miwili ataelewa huo ni msiba gani. Kirk alianza upya.

Katika safari hiyo lilitokea jambo ambalo mpaka leo linasimuliwa katika vyuo vya utabibu. Wawindaji wa bonde la mto Shire walipaka mishale yao sumu iitwayo kombe, itokayo katika mmea unaotambaa. Kirk alichukua sumu hiyo ili aipeleke Uingereza, akaitia katika mfuko mmoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alihisi uchungu, na alipojishika mkono aliona mapigo ya moyo wake yamebadilika. Mtu mwingine angeutupa mswaki na kumshukuru Mungu. Kirk alishukuru, bila shaka, lakini pia aliandika alichokiona. Sumu ilipofika Edinburgh, Profesa Fraser aliichunguza kwa miaka mingi, na mmea ule, Strophanthus kombe, ukawa asili ya dawa ya moyo iliyotumika Ulaya kwa muda mrefu. Wawindaji wa Shire walikuwa wameijua kazi yake juu ya moyo wa nyati kabla Kirk hajazaliwa. (Msomaji wa Kilifi asiichanganye na sumu ya mishale ya Wagiriama; ile hutoka katika mti mwingine.)

Kirk aliondoka Zambezi mwaka 1863, akarudi Uingereza na kukaa kwa muda Kew akiipanga mimea yake. Kitabu nilichokitaja juu, ambacho juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1868, kilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya makusanyo kama yake.

Mwaka 1866 Kirk aliletwa Unguja kuwa tabibu wa ubalozi wa Uingereza, kwa msaada wa maneno mema ya Livingstone. Mwaka uliofuata alimwoa Helen Cooke, aliyetoka Uingereza kuja kuolewa hapo. Alipandishwa kuwa makamu wa balozi mwaka 1868. Mji alioukuta ulikuwa mji wa kipupwe na karafuu, wa majahazi ya Sur na Kutch, na pia wa ndui na maji machafu. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu. Seyyid Majid alifariki mwezi Oktoba 1870, na nduguye Seyyid Barghash akakalia kiti. Balozi aliyekuwapo alikuwa mgonjwa akaondoka, na kazi zote zikamwangukia Kirk, ambaye alithibitishwa katika cheo cha Balozi Mkuu mwaka 1873.

Katika yote hayo aliendelea kuokota. Biashara kubwa ya Mrima wakati huo ilikuwa sandarusi, ile gundi ngumu iliyochimbwa ardhini na kupelekwa Ulaya na Marekani kutengenezwa vanishi. Wanunuzi walikuwa hawana hakika ya asili yake. Kirk alilinganisha majani na maua yaliyonaswa ndani ya vipande vilivyochimbwa na yale ya miti ya msandarusi iliyo hai, akaonyesha kuwa ni mti ule ule, na kwamba sandarusi bora ni utomvu wa miti iliyokwisha kufa na kuoza zamani. Alipeleka Ulaya pia kima punju wa Unguja, na wataalamu wakampa kima huyo jina la Kirk mwaka 1868. Aliuonyesha ulimwengu mpira wa mwituni unaotambaa misituni mwetu, ambao nao una jina lake, Landolphia kirkii. Biashara ya mpira huo ilipopamba moto, watu walichanja na kukata mitambaa hiyo ovyo hata ikaadimika sehemu nyingi. Kirk hakuikata kwa mkono wake, lakini aliyeitangaza ni yeye.

Mbweni, kusini ya mji wa Unguja, alikuwa na nyumba na shamba la majaribio. Humo alipanda miti ya kigeni na ya hapa, akibadilishana mbegu na Kew. Ni nani waliomchimbia mashimo, ni nani waliompeleka Pemba, Kilwa na mto Rufiji wakamwonyesha mmea fulani uliko na jina lake kwa Kiswahili, hayo hayakuandikwa katika vibandiko. Kibandiko kina jina la mmea, la mahali na la mkusanyaji. Kwa hesabu hiyo Kirk ndiye aliyeiona mimea yote hiyo peke yake. Mimi siamini kwamba mtu mmoja mwenye kazi ya ubalozi aliweza kuifikia bila ya macho ya wenyeji, na kila aliyewahi kutafuta dawa porini bila mwenyeji atakubaliana nami.

Sasa tufike kwenye jambo linalojulikana. Mwezi Januari 1873 Sir Bartle Frere aliletwa Unguja na serikali ya Uingereza ili amtake Seyyid Barghash akubali kuzuia biashara ya watumwa. Seyyid Barghash alikataa. Alikuwa na sababu zake. Tufani ya tarehe 15 Aprili, 1872 ilikuwa imeing'oa mikarafuu na minazi ya Unguja na kuzizamisha merikebu zake. Mashamba yalihitaji kupandwa upya, na wenye mashamba walitegemea nguvu za watumwa. Isitoshe, alikuwa mtawala wa Kiislamu anayetakiwa na kafiri kubadili jambo ambalo masheikh wake walilihesabu kuwa lina hukumu zake katika sheria. Frere aliondoka mikono mitupu. Mwezi Juni Kirk akapata amri kutoka London kumjulisha Sultani kwamba asipokubali, manowari zitakizingira kisiwa. Kirk aliifikisha amri hiyo, na tarehe 5 Juni, 1873, mkataba ukatiwa sahihi. Usafirishaji wa watumwa kwa bahari ukapigwa marufuku na masoko yakafungwa. Pale Mkunazini palipokuwa na soko, wamisheni wakaanza kujenga kanisa siku ya Krismasi ya mwaka ule ule.

Haifai kuusema mkataba ule zaidi ya ulivyokuwa, wala chini yake. Utumwa wenyewe haukwisha. Unguja na Pemba hadhi yake ya kisheria iliondolewa mwaka 1897, na Mwambao wa Kenya mwaka 1907. Lakini watu waliokuwa wakiuzwa Mkunazini walikuwa binadamu, wengi wao wa kutoka nchi zile zile za Nyasa na Shire ambako Kirk alipita akiokota maua, akaona vijiji vilivyochomwa. Aliyoyaona huko hayakumtoka. Hilo nalihesabu katika mizani yake upande wa kulia.

Katikati ya mambo hayo alizuka Stanley. Huyu alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871 alirudi na kumshitaki Kirk mbele ya walimwengu kwamba alizembea kumpelekea mzee mahitaji yake. Magazeti ya Uingereza yaliyashangilia maneno hayo. Serikali iliyachunguza na Kirk akaonekana hana hatia.

La ajabu ni kwamba baada ya mwaka 1873 Seyyid Barghash na Kirk walikuja kuwa marafiki. Sultani aliyetishwa kwa mizinga alimfanya aliyeyaleta matisho kuwa mshauri wake mkuu. Huenda aliona kuwa hana njia nyingine; huenda pia alimpenda, maana wote wawili walikuwa watu wa kujenga na kupanda. Ni zama hizo Barghash alipouletea mji maji safi ya bomba kutoka Chemchem na akajenga Beit al-Ajaib, na jeshi lake likawekwa chini ya Luteni Mathews. Kirk alitumai kuiimarisha dola ya Unguja mpaka bara, kwa faida ya Sultani na, bila ya shaka yoyote, kwa faida ya Uingereza. Kwa miaka kumi hivi faida hizo mbili zilitembea pamoja.

Huku Turkana kwenyewe Kirk hakufika. Waliofika karibu na nchi hizi mapema walikuwa wafanyabiashara wa Pwani, kama Jumbe Kimemeta wa Pangani, aliyekutana na Joseph Thomson katika safari yake ya 1883 na kisha akaandamana na Hesabu Teleki na Luteni von Höhnel. Wazungu hao wawili waliliona ziwa mwezi Machi 1888 na wakaliita Rudolf, kwa jina la mwana wa mfalme wao. Wachukuzi wao walikuwa Waswahili. Nalitaja hili kwa kupita tu, kwa wale wanaodhani kuwa mtu wa Mwambao aliye Lokori ni kioja cha leo.

Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alizunguka Usagara na Useguha akiwatia saini masultani wadogo katika karatasi wasizoweza kuzisoma, na mwezi Februari 1885 mfalme wa Ujerumani akazibariki. Seyyid Barghash alipinga kwa nguvu zake zote. Mwezi Agosti 1885 manowari za Ujerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, na katika msafara huo alikuwamo dada yake mwenyewe, Sayyida Salme, aliyekuwa ameolewa na Mjerumani miaka ya nyuma. Barghash alimtazama Kirk. Kirk aliitazama London. London ilikuwa inamhitaji Bismarck katika mambo ya Misri, ikaamuru Balozi wake amshauri Sultani akubali. Na Kirk, aliyekuwa akimwambia Sultani kwa miaka kuwa Uingereza ni ngao yake, alikwenda kumwambia akubali.

Wako wanaosema alifanya kama alivyoamriwa na hakuwa na la kufanya. Ni kweli kwamba mtumishi wa serikali hana majeshi yake mwenyewe. Lakini mtu ana njia ya kujiuzulu, na Kirk hakuitumia. Aliondoka Unguja mwaka 1886, na kabla mwaka huo haujaisha Uingereza na Ujerumani zikagawana bara na kumwachia Sultani visiwa na ule ukanda wa pwani wa maili kumi ambao wazee wetu wa Mombasa na Lamu waliishi chini yake mpaka mwaka 1963. Seyyid Barghash alifariki mwezi Machi 1888. Nyumba ya Kirk ya Mbweni ilinunuliwa na Bibi Caroline Thackeray, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya misheni.

Kirk aliishi miaka mingi baada ya hapo huko Sevenoaks, kusini ya London. Alipewa vyeo na nishani, akawa mjumbe wa Uingereza katika mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 juu ya kukomesha biashara ya watumwa, na akaingia katika kamati iliyosimamia ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda. Alifariki tarehe 15 Januari, 1922, akiwa na umri wa miaka 89. Shajara zake za Zambezi zilikuja kuchapishwa mwaka 1965. Vikaratasi vyake vya mimea viko Kew, na wataalamu walioandika upya kitabu cha mimea ya Afrika ya Mashariki, ambamo sehemu ya kwanza ya jamii ya alizeti ilitoka mwaka 2000, walivifunua tena kimoja kimoja.

Ua moja la Kirk limenikaa moyoni kuliko lile la manjano. Alipokuwa Unguja alipeleka Kew ua la bustani lenye rangi nyekundu ya kukoza, ambalo leo hupandwa katika vyungu duniani kote. Joseph Hooker, mkuu wa Kew, alilitangaza mwaka 1882 kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Unguja. Ilikuwa ni zawadi nzuri, na kwa muda mrefu wauza maua wa Ulaya waliliita hivyo. Baadaye ilidhihirika kuwa ni mmea ule ule ambao Hooker alikwisha kuupa jina mwaka 1868 kutokana na safari ya Zambezi, jina la Horace Waller, mmisheni rafiki yake Kirk na mpinzani mkubwa wa utumwa. Katika sheria za wataalamu wa mimea jina lililotangulia ndilo linalosimama. Kwa hiyo ua hilo sasa ni Impatiens walleriana, na sultani limeandikwa chini yake kwa herufi ndogo, miongoni mwa majina yasiyotumika.